Dhamana ya Fundi Amwagaye Oili

Katika kazi zote zifanywazo katika gereji za Dar es Salaam, kuanzia zile zenye paa la bati na shimo la saruji kando ya Barabara ya Kawawa hadi zile zisizo na kitu ila kivuli cha mwembe na boksi la spana kule Tandika na Mbagala, hakuna kazi idhaniwayo kuwa nyepesi kuliko kumwaga oili. Na kwa sababu ya dhana hiyo hakuna kazi ikabidhiwayo upesi zaidi kwa kijana aliyefika juzi kujifunza, huku fundi mkuu akiwa ameinamia injini nyingine yenye malipo makubwa. Mwenye gari hukaa kwenye benchi akitazama simu yake, hulipa ujira mdogo, huchukua ufunguo, huondoka. Siku mbili tatu baadaye injini ikianza kugonga, au doa jeusi likionekana uani mahali gari lilipolala, huzuka mzozo ambao mji huu umeuzoea mno: mteja anadai, fundi anakana, wapita njia wanasuluhisha, na mwishowe mteja hukata tamaa akasema amemwachia Mungu. Nasema jambo hili halistahili kuachwa lipite hivyo. Aliyepokea gari la mtu amepokea amana, na hasara itokanayo na taksiri yake ni juu yake kuilipa. Lakini haki hiyo haitakuwa na nguvu mpaka mafundi na wateja kwa pamoja tukubali kwamba kumwaga oili ni kazi ya kuandikwa, kukaguliwa na kushuhudiwa, sawa na kazi nyingine yoyote yenye thamani.

Oili ndani ya injini haiwekwi kwa ajili ya kulainisha tu. Hupunguza msuguano wa vyuma vizungukavyo maelfu ya mara kwa dakika, huchukua joto na kulitoa, huzoa masizi na chembe za chuma na kuzipeleka kwenye filta, na huziba upenyo mwembamba ulio baina ya pistoni na ukuta wa silinda. Injini inapokuwa salama, krenkshafti haizigusi beringi zake hata kidogo. Huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, nao utando huo hutegemea msukumo wa pampu. Msukumo ukikatika kwa dakika chache tu, chuma hukutana na chuma, beringi huungua na kushikana, na hapo ndipo mafundi wetu husema injini imenoki. Ile taa nyekundu yenye umbo la kibirika katika dashibodi, ambayo wengi huidhania kuwa ni ukumbusho wa kuongeza oili mtu akishafika nyumbani, kwa hakika huonya kwamba msukumo huo umepotea au unakaribia kupotea. Nayo ikiwaka gari hapo hapo husogezwa pembeni na kuzimwa, hata kama ni juu ya daraja la Mfugale wakati wa foleni ya jioni.

Tuitazame basi kazi yenyewe kwa karibu. Kijana hulala chali juu ya kipande cha boksi, akapapasa baina ya vyuma vyenye moto, akaifungua nati ya sampu kwa spana, na oili nyeusi ikamwagika ndani ya dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni. Nati hiyo ina washa yake, pete ndogo ya bei ya chini kabisa, ambayo viwanda vingi vimeagiza ibadilishwe kila oili inapomwagwa. Lakini aghalabu hurudishwa ile ile iliyokwisha kubapa, kwa kuwa mteja hakuinunua mpya na fundi hakuitaja. Kisha nati hukazwa kwa nguvu zote za mkono mpaka spana inalia, kwa imani kwamba kukaza sana ndiyo salama, ilhali sampu za magari mengi ya siku hizi ni za aluminiamu, ambayo ni laini, na meno yake huliwa kidogo kidogo kwa kila kukazwa kupita kiasi, hata siku moja nati huzunguka bila ya kushika. Hapo huviringishiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, au hupakwa silikoni, na gari hurudishwa kwa mwenyewe pasipo neno. Hili la kunyamaza ndilo baya kuliko meno kuliwa, kwa sababu nati iliyoharibika hutengenezeka, lakini mwenye gari aliyefichwa habari hawezi kujihadhari na jambo asilolijua.

Filta nayo ina mkasa wake. Iliyokwama hutobolewa kwa bisibisi na nyundo, ikazungushwa mpaka ikatoka, na pete yake ya mpira ikabaki imegandamana na injini bila ya kijana kuiona. Filta mpya ikifungwa juu yake, mipira miwili hukaa mmoja juu ya mwingine. Gari huwashwa, linanguruma vizuri, linaruhusiwa kuondoka. Na msukumo wa oili unapopanda barabarani mpira mmoja husukumwa nje, na oili yote ya injini ikaishia kwenye lami ya Barabara ya Kilwa kabla ya dereva kufika Mtoni kwa Azizi Ally. Mkono mmoja uliopitishwa penye kikalio cha filta, na macho yaliyoitazama filta ya zamani kama imetoka na mpira wake, vingetosha kuiepusha hasara hiyo nzima, na kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Lipo kosa jingine ambalo mafundi wa Subaru duniani kote wanalijua, na ambalo hapa kwetu hutokea kwa kuwa magari hayo, hasa Forester, yameenea mno. Chini ya magari hayo nati ya injini na ile ya gia boksi hazikai mbali, na kijana asiyezijua huifungua ya gia boksi akidhani ndiyo ya injini. Oili ya gia boksi ikamwagwa yote. Galoni mpya ikatiwa katika injini ambayo oili yake ya zamani haikuguswa. Matokeo ni kwamba gari moja limepata madhara mawili yanayopingana: gia boksi imekauka, na injini imefurika. Oili ikizidi kwa kiasi kikubwa hivyo, krenkshafti huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi wala halishiki msukumo. Sili huvuja, moshi hutoka, na kabla ya kilomita nyingi gia nazo huanza kuteleza. Rangi peke yake ingemzindua huyo kijana, maana oili ya gia boksi yenye afya haiwi nyeusi kama ya injini, na mwenye kufundishwa huiona tofauti hiyo mara tone la kwanza linapodondoka.

Hata kwenye Toyota, ambayo ndiyo gari la watu wa mji huu, kipimo hupuuzwa. Toyota IST, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002 na ambayo sasa huonekana kila kituo cha teksi kutoka Mwenge hadi Mbagala Rangi Tatu, huchukua takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta. Galoni iuzwayo dukani ni ya lita 4. Fundi humimina yote ili isibaki, na mteja hufurahi kwa kuwa alichokinunua kimeingia chote. Ziada ndogo kama hiyo pengine haitaleta madhara, lakini tabia ya kumimina bila ya kupima, ikihamia kwenye gari ambalo oili yake ya zamani haikutoka yote au ambalo injini yake ni ndogo zaidi, hugeuka kuwa hatari. Stiki ya kupimia ina alama mbili, ya juu na ya chini, na mtengenezaji hakuziweka kwa ajili ya pambo.

Kuhusu aina ya oili, nitasema kwa ufupi. Namba ziandikwazo kwenye galoni, kama vile 5W-30 au 20W-50, zimetokana na mpango wa jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, ambao chanzo chake ni mwaka 1911, nazo huonyesha wepesi na uzito wa oili katika baridi na katika joto. Imani iliyoenea katika gereji zetu kwamba nchi ya joto hutaka oili nzito kwa kila gari haina msingi wa jumla. Injini nyingi za Kijapani za karne hii zimeundwa kwa nafasi nyembamba mno baina ya vyuma vyake, na oili nzito huchelewa kufika juu gari linapowashwa asubuhi. Ni kweli kwamba injini iliyochakaa, yenye kula oili, pengine hufaidika na oili nzito kidogo; lakini hilo ni shauri la kuamuliwa na fundi pamoja na mwenye gari, wala si la kijana aliyeishika galoni iliyokuwa karibu yake.

Kwa nini makosa haya yana uzito zaidi kwetu? Kwanza, karibu magari yetu yote madogo yamekuja yakiwa yametumika, kutoka Japani, na vitabu vyake, pale vilivyobaki, vimeandikwa Kijapani. Basi maagizo ya kiwanda hayamfikii fundi ila kwa kusikia. Pili, hali ya barabara zetu, yaani joto, vumbi la njia za ndani za Kijichi na Goba, na foleni ambamo injini hufanya kazi saa nzima ilhali gari limesogea kilomita chache, ndiyo ile ambayo watengenezaji huiita matumizi magumu, na ambayo kwayo huagiza oili ibadilishwe mapema kuliko kawaida. Hivyo mtu wa Dar es Salaam humpelekea fundi gari lake mara nyingi zaidi kuliko mtu wa mji wenye baridi na njia nyeupe, na kila mara ni nafasi nyingine ya kukosewa. Tatu, nalo ndilo linaloniuma, gari kwa wengi wetu ni kiwanda cha riziki. Dereva wa mkataba, ambaye amepewa gari na mwenyewe kwa sharti la kupeleka hesabu kila siku au kila juma mpaka muda utimie liwe lake, hana siku ya mapumziko ambayo hesabu haimfuati. Injini ikinoki kwa sababu ya washa ya shilingi chache, mwenye gari haulizi ni nani aliyeifunga nati. Huuliza hesabu iko wapi. Injini iliyotumika hununuliwa kwa mamilioni pale Gerezani, na mkataba wa jasho la mwaka mzima huvunjika kwa kosa la nusu saa alilolifanya mtu mwingine.

Suala la nani alipe si geni katika pwani hii. Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili tangu karne za kwanza, wakati mafundi waliokuwa wakikabidhiwa mali za watu ni watia rangi, wafua nguo na masonara. Imesimuliwa kwamba Imamu Ali aliwahukumu mafundi kudhamini mali walizopewa, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatatengenea ila kwa njia hiyo. Na kuhusu Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika mwambao wetu, wanafunzi wake wamepokea habari yenye mazingatio makubwa: kwamba yeye mwenyewe aliona mfanyakazi wa ujira hapaswi kulipa ila pale alipofanya taksiri au kuvuka mpaka, lakini rai hiyo hakuitangaza, kwa kuwahofia wafanyakazi wabaya wasije wakaifanya kichaka cha kujifichia. Naiona hekima ya pande mbili katika habari hiyo. Fundi mwema anastahili kulindwa dhidi ya dai la kila mtu ambaye gari lake limekufa kwa uzee. Na mwenye mali anastahili kulindwa dhidi ya fundi ambaye kinga hiyo ataigeuza kuwa ruhusa ya uzembe.

Sheria ya nchi nayo imesimama karibu na hapo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe aiangalie kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeuweka katika mali yake mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo humkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na sidhani kuna upotoshaji ulio wazi kuliko kumtoza mtu fedha ya filta mpya kisha ukaifuta vumbi ile ya zamani na kuiacha pale pale. Kwa hiyo lile bango la gereji lisemalo kwamba gari linaachwa kwa dhima ya mwenyewe lisimtie mtu hofu kupita kiasi. Haliwezi kuchukuliwa kuwa ni cheti cha kumruhusu fundi kufanya uzembe kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini insafu inataka upande wa fundi nao usikilizwe, na nimewasikia mafundi wengi wakilalamika kwa haki. Yupo mteja ambaye huja na galoni aliyoinunua kwa bei ya kutupa, mahali asipopewa risiti, kisha oili ikimponza humlaumu aliyeimimina. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu mwaka 1975, na EWURA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, husimamia bidhaa za petroli, vilainishi vikiwamo. Hata hivyo hakuna mkaguzi awezaye kumlinda mtu aliyekusudia kununua cha magendo. Yupo mteja aambiwaye kwamba filta imechoka, akajibu kwamba iachwe hiyo hiyo mpaka safari nyingine. Yupo aliyeliendesha gari huku taa nyekundu ikiwaka tangu Kibaha, akafika gereji Kimara, na injini ilipokatika mbele ya fundi akadai kwamba fundi ndiye aliyeiua. Tena ujira wenyewe wa kumwaga oili ni mdogo mno, na mara nyingi huombewa punguzo; mtu anayelipa kidogo namna hiyo kwa kazi ya kuulinda mtaji wake mkubwa kuliko yote baada ya nyumba, naye ana sehemu yake katika haraka inayofanywa. Sisemi haya ili kumwondolea fundi dhima. Nasema kwa kuwa dai lisilotenganisha kosa la fundi na uchakavu wa gari halitamshawishi mtu yeyote, na wateja wengi hushindwa pale pale kwa sababu hiyo.

Basi mtu aliyefikwa na mkasa huu afanyeje? Kwanza kabisa alizime gari na asiliendeshe tena, hata kwa nia ya kulirudisha gereji, kwa kuwa kila mita anayoongeza humpa fundi hoja ya kusema kwamba uharibifu umetokana na ukaidi wa dereva. Apige picha: nati ilivyo, filta ilivyo, doa la chini, stiki ikionyesha kiasi, namba ya kilomita kwenye dashibodi. Kisha amwite fundi aliyeifanya kazi aje aone mwenyewe kabla ya mtu mwingine kufungua kitu chochote. Na hapa ndipo watu wengi hujiharibia haki yao, kwani kwa hasira hulivuta gari mpaka gereji nyingine, likafunguliwa, ushahidi ukasafishwa kwa petroli na matambara, na yaliyobaki ni maneno ya mtu na maneno ya mwenziwe. Fundi akikana, atafutwe fundi wa tatu ambaye pande zote mbili zinamkubali, aeleze bayana alichokiona, na maelezo yake yaandikwe hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la shule, na wote watie saini. Watu wengi hukimbilia polisi wakaambiwa kwamba hayo ni madai, si jinai. Jibu hilo aghalabu ni sahihi, na lisichukuliwe kuwa ni kufukuzwa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameshasuluhisha mengi ya namna hii kwa kikao kimoja, kwa kuwa gereji haina pa kuhamia na sifa yake iko mtaani pale pale. Na suluhu ikishindikana, ipo Mahakama ya Mwanzo, ambayo huendeshwa kwa Kiswahili na ambako karatasi ile yenye saini ina thamani kuliko ufasaha wa kusema.

Anachostahili kudai nacho kiwe na kiasi. Aliyeharibiwa meno ya sampu adai sampu nzima na oili iliyopotea. Aliyenokishiwa injini adai injini ya namna ile ile na umri wa karibu na ule, pamoja na kazi ya kuifunga, wala asidai injini mpya ya kiwandani, kwa sababu muradi wa fidia ni kumrudisha mtu alipokuwa, si kumpandisha pasipo pake. Na yule ambaye gari ni riziki yake ana haki ya kuhesabiwa siku alizokaa bure, jambo ambalo katika masuluhisho yetu husahauliwa kila mara, kana kwamba siku za maskini hazina bei.

Najua jibu litakalotolewa: fundi wa chini ya mwembe atazipata wapi fedha za injini? Ni kweli hana. Lakini mafundi hao hawako peke yao; katika yadi moja hukaa kumi, ishirini, hata zaidi, fundi umeme, fundi bodi, fundi injini, wakichangia eneo na pengine wakicheza upatu au wakiwa na kikoba chao. Watu wanaoweza kuweka akiba kwa ajili ya misiba na arusi wanaweza kuweka akiba ya dhamana kwa ajili ya kazi zao, kila mmoja akitoa kidogo kwa juma, na siku mmoja wao akikosea mfuko ulipe na yeye aurudishie taratibu. Gereji itakayoweza kumwambia mteja kwamba ikikosea italipa, na ikaonyesha mfuko wa kulipia, haitakosa wateja kutoka Temeke nzima na ng'ambo yake. Tena wenzake watakuwa na sababu ya kumchunga yule anayemwachia mwanafunzi kazi bila ya kuikagua, maana uzembe wake utakuwa unakula akiba yao wote.

Pamoja na mfuko huo liwepo daftari. Tayari gereji zetu zina ada ya kutundika kikadi chenye kilomita za kumwaga oili safari ijayo. Kadi hiyo iongezewe mambo machache: aina ya oili na lita zilizoingia, filta mpya au ya zamani, washa mpya au ya zamani, jina la aliyefanya na jina la aliyekagua, na nakala yake ibaki katika daftari la gereji. Mwenye gari naye asimame wakati wa kufunga. Injini iwashwe, taa ya oili izimike, ingurume dakika chache, izimwe, isubiriwe oili ishuke, stiki itazamwe na wote wawili, na mmoja wao ainame achungulie chini kwa tochi. Mwenye gari achukue galoni tupu na filta yake ya zamani. Oili chafu iliyobaki asiulize tu bei yake. Aulize inakwenda wapi, maana nyingine hupakwa mbao ili kuzuia mchwa, lakini nyingine humwagwa mitaroni, na mitaro ya Temeke huteremka kuelekea mto Kizinga, ambao maji yake huchukuliwa na mtambo wa Mtoni na kurudi kwenye mabomba yetu.

Mafundi ambao ujuzi wao wameupata kwa miaka mingi bila ya kukaa darasani, na miongoni mwao wamo mahodari wa kweli, wanao utaratibu wa mamlaka ya ufundi stadi, VETA, wa kuurasimisha ujuzi huo kwa kupimwa, kusahihishwa palipo na upungufu na kupewa cheti. Na chuo chake cha Chang'ombe kimo ndani ya Temeke yenyewe, si mwendo mrefu kutoka yadi nyingi ninazozisema. Naziomba halmashauri za Kinondoni na Temeke, ambazo hutoza leseni za biashara kwa gereji hizi kila mwaka, ziweke masharti mawili tu katika leseni ijayo: kwamba kila gereji iwe na mtu mmoja mwenye cheti ambaye jina lake limebandikwa ukutani na ambaye hukagua kazi za wanafunzi, na kwamba daftari la kazi liwepo mezani, mteja aweze kulisoma na kutia saini kabla ya kupewa ufunguo wake.